Safari ya Siku Moja: Wanafunzi Wanne wa Uchoraji Waenda Dar es Salaam

Wengi wenu mwaujua mji wa Dar es Salaam kwa habari za soko, hospitali na bandari; tena wako wazee ambao wakisikia kijana asema anakwenda huko, mara moyo wao huingiwa na hofu. Hofu hiyo haikosi sababu. Mji ni mkubwa mno: katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walionekana watu 5,383,728 katika mkoa ule mmoja. Lakini sisi hatutaki kuandika habari za soko wala za hofu. Twataka kuwaeleza watu wa nyumbani, na walimu pia, habari za kazi ya mikono ifanyikayo katika mji ule, yaani kuchora na kuchonga, kama tulivyoiona kwa siku moja, mwezi wa Julai, mwaka 2023.

Sisi tu wanafunzi wanne wa uchoraji, nasi twakaa Bagamoyo. Mmoja wetu ni mtu wa Masasi, mmoja ni dada yetu wa Machame, na wawili tu watu wa pwani. Kutoka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 70 hivi. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, maana daladala ya kwanza haimngojei mtu, na kila mmoja wetu alichukua daftari, kalamu za risasi, na mihogo ya kukaanga katika karatasi. Siku zile ni siku za kipupwe. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, hata dada yetu wa Machame, aliyezoea baridi ya mlimani, alijifunika kanga mpaka Bunju.

Sasa yafaa tuwaambie sababu ya safari. Mwenzetu wa Masasi alikuwa na barua. Baba yake alikwisha kufariki, naye hulipiwa ada na baba yake mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, na kazi yake ni kutengeneza baiskeli. Barua yake ilikuwa fupi. Alisema: “Mwanangu, nimelipa mwaka mmoja. Kabla sijalipa wa pili, nieleze kazi hii itawalisha nini wewe na mama yako. Tena nimesikia ya kuwa huko mjini watu wachonga mashetani. Nijibu yaliyo kweli, usinijibu maneno matamu.”

Tuliisoma barua ile sote wanne, wala hatukuona ndani yake neno la ukali. Mtu anayetoa fedha yake kwa jasho ana haki ya kuuliza. Mwenzetu hakuwa na la kujibu, maana hata yeye hakujua. Basi tukasema, twende tukaulize wale wanaoishi kwa kazi hiyo, ajibu kwa yale atakayoyaona.

Tulishuka Mwenge jua lilipokuwa limekwisha kupanda. Hapo pana vibanda vingi vya vinyago, vimepangana mlango kwa mlango, na nyuma yake wamo mafundi wenyewe, wamekaa chini juu ya vigogo. Mlio wa tezo husikika kabla mtu hajawaona. Mafundi wengi ni Wamakonde, na habari zao ni hizi: katika miaka ya 1950 na kabla yake, Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Walikuja na ufundi wao wa kuchonga tangu kwao. Hata walipoona ya kuwa wageni hununua vinyago kwa fedha, wengine wakauacha mkonge, wakasogea karibu na mji.

Mti wao ni mpingo. Mtu akiutazama msituni hatadhani kuwa una thamani, kwa kuwa ni mti uliopinda, wa miiba, tena hukua polepole sana. Nje mbao yake ni nyeupe yenye manjano. Ukiondoa nyeupe ile, ndani ni nyeusi kama mkaa. Ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Huko Ulaya hutengeneza kwa mti huu huu zumari zao zile ziitwazo klarineti na oboe, kwa hiyo huenda mti mmoja wa Kilwa ukatoa kinyago na chombo cha muziki pia. Mafundi walituonyesha na hila ya wadanganyifu: wako watu wachongao mti mwepesi mweupe, kisha wakaupaka rangi ya viatu na kuuita mpingo. Dawa yake ni kukiinua kinyago uone uzito wake, kisha ukwaruze kidogo chini ya kitako chake.

Tukamwona mzee mmoja, miguu yake imeshika kigogo kama mtu ashikavyo ng’ombe anayekamwa. Mwenzetu akaenda, akainama.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mtu wa wapi wewe?”

“Masasi, babu. Mmakua.”

“Mmakua!” Mzee akaweka tezo chini. “Basi ninyi wengine tazameni vinyago vyangu vizuri, msiviondolee macho mpaka huyu aondoke.” Tukacheka sote, naye mwenzetu akacheka kuliko sisi, kwa kuwa utani wa namna ile ulimkumbusha nyumbani.

Akamwuliza, “Babu, kazi hii yakulisha?”

Mzee hakujibu upesi. Akapuliza vumbi, akasema: “Mwezi mmoja yanilisha mimi, mwezi wa pili mimi nailisha yenyewe. Mwaka ule wa korona, 2020, wageni walikoma kabisa. Nikarudi shamba, nikalima mihogo. Nilipoona ndege zaanza tena, nikarudi hapa. Lakini watoto wangu sita wamekula, wala sikuiba.”

Ndipo mwenzetu akaeleza habari za mashetani katika barua. Mzee akatuonyesha kinyago kilichokuwa rafuni: mtu wa jicho moja, tumbo wazi, mkono wake mmoja umetokea kichwani. Mtindo huu kweli huitwa shetani, na ahesabiwaye kuwa mwanzilishi wake ni fundi mmoja aliyeitwa Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mafundi huchonga viumbe vya hadithi, wale wa porini ambao bibi zetu walituogofya nao usiku tusitoke nje. Mzee akasema: “Nimekaa na vitu hivi miaka arobaini. Sijamwona mtu akikisujudia hata kimoja. Nimewaona wakibishana bei tu.” Hata hivyo hakumlaumu mzee wa Masasi. Alisema, “Asiyetaka mashetani, na apelekewe ujamaa.”

Ujamaa ni mtindo mwingine, wa watu wengi waliopandana katika kigogo kimoja: bibi chini, juu yake wana, juu yao wajukuu, huyu amebeba mtungi, yule ananyonyesha, kila mmoja amemshika mwenziwe ili asianguke. Hakuna gundi wala msumari. Wote wametoka katika mti ule mmoja. Fundi Roberto Yakobo Sangwani ndiye atajwaye kwa mtindo huu. Mwenzetu alikaa nusu saa akikichora kimoja kwa kalamu ya risasi. Baadaye alituambia ya kuwa alihesabu watu 23, na aliyekuwa chini ya wote alikuwa mwanamke mzee anayecheka.

Kutoka hapo tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, penye nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa desturi ya asili; palifunguliwa mwaka 1967. Hatukukaa sana. Tuliona msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo lenye dari bapa, na dada yetu aliingia katika nyumba ya Wachaga, akatoka kimya. Alisema bibi yake alimweleza nyumba ya namna ile mara nyingi, yeye asiweze kuifikiri. Sasa ameona mahali pa ng’ombe na mahali pa moto, vyote chini ya nyasi zile zile. Aliichora kwa mistari michache tu, na kwa maoni yetu ndiyo picha iliyokuwa bora kuliko zote tulizochora siku ile.

Kisha tukapanda daladala mpaka Posta. Makumbusho ya Taifa yako katika barabara iitwayo kwa jina la Shaaban Robert, na ni jambo jema kwamba mshairi amepewa njia ya kufikia mahali pale. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1940. Habari za fuvu la Zinjanthropus, aliloligundua Bibi Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, kila mwalimu azijua, nasi hatutazirudia.

Lakini tulipokuwa tumekaa bustanini tukila mihogo yetu, dada yetu alitueleza habari za mtu wa kwao, nasi twapenda mzijue. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, ambako Bibi Margaret Trowell alikuwa ameanza kufundisha uchoraji mwaka 1937. Akaenda London, akasoma tena. Akarudi kuwa mwalimu. Alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakichota maji, wala hakutafuta mambo ya ajabu. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku (wasomaji watatusamehe hiyo pombe), imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa kule New York. Tena nchi ilipopata uhuru, mwaka 1961, mchoraji huyu alipelekwa London kuwa balozi wetu. Alifariki mwaka 1993.

Mwenzetu wa Masasi aliposikia hayo alisema, “Nikimwandikia baba mdogo habari za balozi, atasema, huyo ni mmoja, wengine wako wapi?” Hapo tukamtajia George Lilanga, mtu wa kusini kama yeye. Lilanga alizaliwa mwaka 1934, akawa mchongaji, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, mahali palipoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll, ili vijana wenye ufundi wapate pa kufanyia kazi. Mlinzi yule akaanza kuchora viumbe vyake vya masikio makubwa na vidole viwili vitatu, hata picha zake zikaonyeshwa Marekani na Ulaya. Uzeeni kisukari kilimpotezea miguu, naye akaendelea kufanya kazi mpaka alipofariki mwaka 2005. Nyumba ya Sanaa yenyewe ilikwisha kubomolewa, na kwa jambo hilo twasikitika, tungalipenda kuiona.

Mahali tulipokaa kuliko pote ni Oyster Bay, kwenye maduka yaitwayo Morogoro Stores. Hapo ndipo alipouzia picha zake Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika upande wa Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini alikwenda kutafuta kazi katika mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, akatunza bustani ya Mzungu, akafanya na vibarua vingine. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na mwalimu, wala hakuwa na fedha za kununua turubai na rangi za wachoraji. Alichukua vibao vya kutengenezea dari, akavikata mraba, sentimita 60 kwa 60 hivi. Na kwa rangi akatumia ile rangi ya mafuta ing’aayo wanayopakia mafundi baiskeli. Akachora simba, chui, tembo, ndege. Mkewe, Agatha, alikuwa pamoja naye katika kuuza. Picha zikapendwa, naye akawafundisha jamaa zake na vijana wengine, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata.

Miaka minne tu ikapita. Mwaka 1972, usiku, polisi waliokuwa wakifukuza wezi walimpiga risasi kwa kumdhania kuwa ni mmoja wao, akafa. Umri wake ulikuwa kama miaka arobaini. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kukaa pale pale wakichora, hata mwaka 1990 wakafanya chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao, nacho kingalipo.

Tulipotaja rangi ya baiskeli, mwenzetu alishika kichwa. Alisema, “Makopo yale nimeyaona tangu utoto! Baba mdogo anayo chini ya meza, nyekundu, kijani, nyeusi. Nami nilikuwa nikikatazwa kuyagusa.”

Ndani ya banda la ushirika harufu ya rangi ni kali. Wachoraji huketi wamekaribiana sana, na kibao au kitambaa kiko magotini. Kazi huanza kwa rangi ya chini; hiyo huachwa ikauke, kisha huja umbo la mnyama, huachwa tena, na mwisho madoa na macho kwa brashi nyembamba. Mtu asiyejua subira huiharibu kazi, maana rangi ile haikauki upesi, na ukiigusa kabla ya wakati hubeba alama ya kidole chako milele.

Tuseme lililo kweli: picha nyingi zimefanana. Twiga wa banda hili ni ndugu wa twiga wa banda la pili, na Mlima Kilimanjaro umesimama nyuma ya wote. Dada yetu hakuficha. Alisema ni kama kuandika insha moja kila siku. Mchoraji mmoja, mtu wa makamo, alimsikia. Hakukasirika. Alisema, “Dada, wanangu wawili wamesoma mpaka mwisho kwa twiga hawa.” Tukanyamaza.

Mwenzetu alikuwa amechukua picha yake, ameifunga kwa gazeti. Ni picha ya mama yake akiokota korosho, mgongo umeinama, na kikapu kiko mbele. Akamwonyesha mchoraji yule, akasema, “Kaka, naomba unitazamie.” Yule mtu aliishika mkono mrefu, akaipeleka kwenye mwanga, akakaa nayo sana.

“Huyu ni nani?”

“Mama yangu.”

“Picha hii ningeitundika nyumbani kwangu,” akasema. “Hapa dukani sitaitundika, maana mgeni aja siku moja, ataka twiga, aende zake. Lakini mkono unao. Likizo njoo ukae nasi. Mwezi wa kwanza utajaza rangi za chini tu, na chakula chako utakipata. Ukishajua rangi, mama yako utamchora upendavyo.”

Njiani kurudi Makumbusho kupanda gari la Bagamoyo hatukupatana. Dada yetu alishika neno lake kwamba atakayeingia banda lile kwa mwezi mmoja atatoka baada ya miaka ishirini, na mama wa korosho hatachorwa tena. Mwenzetu wa pwani alimjibu kwamba Tingatinga mwenyewe alianza kwa njaa, wala njaa haikumzuia kuwa fundi. Wote wawili walikuwa na kweli mkononi, nasi mpaka leo hatujapatana. Mwenyewe hakusema kitu. Gari lilijaa hata tulisimama mpaka Tegeta, naye alikuwa ameinua picha yake juu ya kichwa isivunjwe na vikapu vya watu.

Jibu lake alilituma siku ya Jumatatu. Alituruhusu kulisoma. Hakuandika habari za balozi. Aliandika hivi: ya kuwa kazi hii huwalisha wengine, tena si kila mwezi, ya kuwa amemwona mzee aliyelisha watoto sita nayo, na alipokosa wageni alilima mihogo, ya kuwa mashetani wapo, ni hadithi za porini, naye hatayachonga, ya kuwa likizo ameahidiwa mahali pa kujifunza kwa chakula chake. Ndani ya bahasha akatia ile picha ya kinyago cha ujamaa, na mwisho akaomba radhi kuuliza kama yale makopo yaliyo chini ya meza bado yana rangi.

Majuma matatu yakapita bila neno. Sisi tulikwisha kuanza kuogopa, na mwenzetu alikuwa akiuliza bei ya nauli ya kwenda Masasi. Kisha mwenye basi moja akatupigia simu twende tukachukue mzigo. Ulikuwa sanduku la karatasi, limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mlikuwa na makopo matatu, yamefunguliwa zamani, na barua ya mistari michache:

“Nyekundu imeganda juu, toboa ngozi yake, chini i nzima. Nyeusi ni ndogo, usiipoteze. Ada nitaleta korosho zikiuzwa, mwalimu wenu na asubiri. Ile picha ya kigogo mama yako ameichukua, ameibandika karibu na dirisha, asema yule bibi wa chini ni yeye. Mimi nimetafuta nilipo, sijajiona.”